Maungio ya bodi za saruji zilizopakwa rangi kiwandani: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Malalamiko mengi kuhusu kuta za bodi za saruji na nyuzi hayatokani na bodi zenyewe. Yanatokana na maungio: silanti, yaani gundi inayonyumbuka ya kuziba nafasi, imepigwa pasipotakiwa, na haikupigwa panapotakiwa. Kwa hiyo kabla ya kukwangua au kujaza chochote, tambua ungio lililo mbele yako ni la aina gani, kwa sababu dawa ya moja ni sumu ya jingine.

Ukuta wa bodi za mlalo una maungio ya aina nne:

- Ncha kwa ncha, bodi mbili zinapokutana kwenye mstari mmoja. Kwa bodi zilizopakwa rangi kiwandani, kawaida ni ncha zigusane bila kukandamizana, na nyuma yake pawe na kipande cha bati la kinga, yaani bati jembamba la kuelekeza maji nje. Hapa hapajazwi silanti.
- Bodi na ubao wa kona, fremu ya dirisha au ya mlango. Huachwa nafasi ya mm 3, kisha hujazwa silanti.
- Bodi juu ya bodi. Ya juu huilalia ya chini kwa mm 32 au zaidi. Hapajazwi.
- Bodi juu ya bati la kinga, kwa mfano juu ya dirisha. Huachwa wazi mm 6. Hapajazwi kamwe, maana ndipo maji yanapotokea nje.

Maelekezo ya mtengenezaji wa bodi zako yakitofautiana na haya, fuata yake, la sivyo dhamana inaweza kupotea. Jambo moja halibadiliki: silanti haikuwekwa pale iwe kinga pekee. Nyuma ya bodi kuna utando wa kuzuia maji na mabati ya kinga, na hivyo ndivyo vinavyolinda fremu, yaani nguzo na mihimili inayobeba ukuta. Mvua ya upepo itapita nyuma ya bodi hata kazi ikiwa safi. Kinachotakiwa ni maji hayo yapate njia ya kutoka.

Kwa ukaguzi beba tepu ya kupimia, tochi, kisu chembamba, brashi laini na kadi ngumu ya plastiki.

## Silanti imeachia upande mmoja

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa kuliko zote. Mstari wa silanti kati ya bodi na ubao wa kona unaonekana mzima kwa mbali, lakini ukiusukuma kwa kidole unakuta umebanduka upande wa bodi na kuacha ufa mwembamba kama uzi.

Chomoa kipande cha sm 5 na ukiangalie mgongo, kwani jibu mara nyingi liko hapo.

*Mgongo una unga wa kijivu.* Hiki ndicho chanzo cha kawaida zaidi. Bodi ilikatwa, ncha haikufutwa, na silanti ikashika vumbi badala ya bodi. Vumbi la saruji ni laini mno na hukaa kwenye vitundu vya ncha iliyokatwa. Kupuliza kwa mdomo hakutoshi. Linahitaji brashi, kisha kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha muda wa kukauka.

*Mgongo ni safi, na ncha ya bodi haina rangi wala praima (rangi ya awali ya kuziba).* Ncha iliyokatwa hunywa maji. Ikiwa haikuzibwa, inalowa na kukauka kila msimu, na silanti inachoka kushikilia kitu kisichotulia.

*Silanti ni nyembamba kama ngozi na imekaa juu ya ungio, si ndani yake.* Hapakuachwa nafasi. Bodi ilibanwa hadi kwenye ubao wa kona, fundi akapaka silanti juu juu ili mstari uonekane. Mahali hapa hapatashika hata ukirudia mara kumi, kwa sababu hakuna silanti ya kutosha ya kunyumbuka.

*Silanti imechanika katikati, huku kingo zote mbili zikiwa zimeshika vizuri.* Hapo usafi haukuwa tatizo. Ama silanti haina uwezo wa kuvutika, ama imeshika pande tatu: bodi, ubao, na kitu kilicho nyuma. Ikishika pande mbili inavutika kama mpira. Ikishika na nyuma pia, inakosa pa kwenda na kuraruka.

*Silanti inateleza na kung'aa, na rangi haiishiki.* Hiyo ni silikoni ya kawaida, kama ya bafuni. Haipakiki rangi, inavuta uchafu, na inapoondolewa huacha mafuta yanayozuia silanti nyingine kushika.

Chanzo cha mwisho, kisicho cha kawaida sana, ni hali ya hewa: ukuta ulikuwa na maji, au baridi ilikuwa chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, au jua lilikuwa likipiga ukuta moja kwa moja hadi silanti ikafanya ngozi kabla ya kushika.

Kurekebisha. Usipige silanti mpya juu ya ile ya zamani. Itaachia pamoja nayo.

1. Kata kingo zote mbili za silanti kwa wembe mkali, ukiuelekeza ndani ya ungio na si juu ya uso wa rangi. Vuta mkanda wote kwa koleo.
2. Toa mabaki kwa kikwangua cha plastiki. Cha chuma kitachubua rangi ya kiwandani. Usitumie thina, inaweza kulainisha rangi na kuacha baka linalong'aa tofauti milele.
3. Pima nafasi. Ikiwa chini ya mm 3, ipanue. Bodi ikiwa haikupigiliwa karibu na hapo, inaweza kusogezwa kidogo. La sivyo ncha ipunguzwe kwa mkono, polepole, kwa wembe wa kabaidi (metali ngumu mno).
4. Piga brashi, futa kwa kitambaa chenye unyevu, acha pakauke kabisa.
5. Ziba ncha iliyo wazi kwa rangi ya kugusia (ya kufunika majeraha madogo) ya mtengenezaji, au praima ya nje ya akriliki inayostahimili saruji. Acha ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo.
6. Nafasi ikiwa mm 6 au zaidi, weka kwanza utepe laini wa plastiki nyuma, au kamba ya povu yenye unene unaozidi nafasi kwa takriban robo. Kazi yake ni kuzuia silanti isishike nyuma.
7. Bandika utepe wa karatasi pande zote mbili za ungio. Kata mdomo wa mrija kwa mshazari, tundu liwe dogo kidogo kuliko nafasi. Sukuma silanti ijae ndani, usiivute juu juu. Lainisha mara moja kwa kijiko cha plastiki, kisha bandua utepe kabla ngozi haijafanyika.

Chagua silanti ya nje ya poliyurethani au akriliki inayonyumbuka. Kwenye mrija tafuta alama ya kiwango cha Kimarekani cha ASTM C920 au C834. C920 ya daraja la 25 maana yake inavumilia ungio kutanuka au kubana kwa asilimia 25 ya upana wake. Mrija wa ml 300 unatosha takriban mita 8 za ungio lenye upana wa mm 6 na kina cha mm 6. Ukiona umemaliza mita 20 kwa mrija mmoja kwenye nafasi kama hiyo, umepaka, hukujaza.

Kama kilichokuwepo ni silikoni, kuisafisha ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Kiondoa silikoni kijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana. Ubao wa kona ukiwa umeshanyonya mafuta yake, mara nyingi ni nafuu kuubadilisha kuliko kuusugua siku nzima.

## Ufa umefunguka kati ya bodi mbili, ncha kwa ncha

Haraka ya kwanza ya mwenye nyumba ni kujaza. Subiri.

Ingiza kadi ya plastiki au mwanga wa tochi kwenye ufa. Ukiona bati la kinga au utepe mweusi nyuma yake, na ufa hauzidi mm 3, hilo ni suala la sura tu. Maji yakipita pale yanaangukia bati, yanateremka kwenye uso wa bodi ya chini na kutoka. Ukijaza silanti, kwa muda patapendeza. Baadaye rangi ya bodi na rangi ya silanti zitapauka kwa mwendo tofauti, na kila ungio litaonekana kama kovu wima ukutani.

Vyanzo, kuanzia cha kawaida:

- Bodi zilifungwa zikiwa na unyevu. Bodi ya saruji na nyuzi husogea zaidi kwa unyevu kuliko kwa joto: ikilowa inatanuka, ikikauka inasinyaa. Rundo lililolala chini bila kufunikwa likanyeshewa, kisha likafungwa wiki hiyohiyo, litafungua nyufa karibu kila ungio. Ukiona nyufa ukuta mzima kwa ukubwa unaofanana, chanzo ndicho hiki.
- Ncha hazikukutana juu ya nguzo ya fremu. Zimening'inia hewani, kila moja inapepea kivyake. Dalili yake ni kwamba ukibonyeza ncha moja inaingia ndani, ya pili inabaki.
- Fremu ya mbao mbichi imekauka na kusinyaa. Nyufa huwa chache na hukusanyika sehemu moja, mara nyingi usawa wa sakafu ya ghorofa.

Ikiwa hakuna bati nyuma, hapo kuna kazi ya kufanya. Pale ambapo bodi zimepigiliwa juu tu, chini ya mlalo wa bodi inayofuata, bati linaweza kuchomekwa bila kubomoa. Kata bati jembamba la alumini lenye rangi, upana mm 150. Urefu wake utoshe kuanzia chini kidogo ya misumari ya juu hadi lilalie kichwa cha bodi ya chini, lakini lisichungulie nje. Inua ukingo wa chini wa bodi mbili kwa kabari nyembamba za mbao, milimita chache tu, kisha telezesha bati kwenda juu. Ukingo wa chini wa bati lazima uwe *mbele* ya bodi ya chini. Likiingia nyuma yake, umejenga mfereji wa kupeleka maji ndani. Bodi ikianza kutoa mlio wa kukatika, acha mara moja.

Ufa ukizidi mm 3 na unaendelea kukua, usihangaike na bati. Weka alama kwa penseli, pima tena baada ya miezi michache, na ukuta ukiwa bado unatembea mwite mhandisi aangalie fremu au msingi.

## Bodi imepasuka kwenye ncha au kuzunguka msumari

Pima umbali kutoka msumari hadi ncha. Unatakiwa usipungue mm 10, na kwa misumari ya juu iliyofichwa, takriban mm 25 kutoka ukingo wa juu. Nyufa nyingi za kona hueleweka hapohapo.

Umbali ukiwa sawa, angalia kichwa cha msumari. Kinatakiwa kikae usawa wa uso. Kikizama, bunduki ya misumari iliwekewa presha kubwa na uso wa bodi ukavunjika chini ya kichwa. Msumari huo haushiki kitu tena hata kama unaonekana imara. Pigilia mwingine pembeni, juu ya nguzo ileile, na ule wa kwanza ujazwe na kuguswa rangi. Misumari iwe iliyopakwa zinki kwa kuchovywa moto au ya chuma cha pua. Ya kawaida italia kutu chini ya rangi yako nzuri.

Sababu nyingine ni bodi kubebwa ikiwa imelala. Bodi ndefu hubebwa ikisimama kwa ukingo, na watu wawili, la sivyo inajipinda katikati na kupata ufa mwembamba unaojitokeza baada ya mvua ya kwanza.

Ufa uliopita unene wote wa bodi haurekebishwi kwa silanti. Badilisha bodi: inua ukingo wa bodi ya juu kwa kabari, kata misumari iliyofichwa kwa wembe wa msumeno wa chuma, toa bodi, ingiza mpya. Hii mpya itapigiliwa usoni, kwa sababu huwezi tena kuufikia ukingo wake wa juu. Vichwa viguswe rangi kwa tone dogo.

Onyo kuhusu kukata. Vumbi la bodi hizi lina silika, inayosababisha ugonjwa wa mapafu wa silikosisi pamoja na saratani ya mapafu. Usikate kwa grenda, na usikate ndani ya nyumba. Njia yenye vumbi dogo ni kuchana uso mara kadhaa kwa kisu cha ncha ya kabaidi kisha kuvunja, au kutumia mkasi maalumu wa bodi. Ukilazimika kutumia msumeno wa duara, uwe na diski ya meno machache ya almasi na kifyonza vumbi, bodi ilazwe uso chini, na barakoa ya kiwango cha N95 au zaidi ikae usoni vizuri. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii silika. Vumbi lililobaki lifutwe kwa maji au kifyonza, lisifagiliwe likiwa kavu.

## Rangi imevimba au kubanduka karibu na ungio

Rangi ya kiwandani hupikwa kwa joto na hushika vizuri. Ikibanduka, karibu kila mara maji yameingia kwa nyuma au kwa ukingo. Uliza: maji yanakaa wapi?

Chini ya ukuta: pima kutoka ukingo wa bodi hadi udongo. Inatakiwa mm 150 au zaidi. Hadi paa, ngazi au sakafu ya saruji, mm 50. Bustani iliyoinuliwa miaka ya baadaye ndiyo mshukiwa wa kwanza. Shusha udongo kabla ya kugusa rangi.

Juu ya dirisha: mara nyingi utakuta mtu mwenye bidii amejaza ile nafasi ya mm 6 juu ya bati. Maji yaliyoingia nyuma yamefungiwa, bodi inayanywa kutoka chini, na rangi inapanda kama lengelenge. Ondoa silanti yote hapo, acha pakauke wiki kadhaa za kiangazi, kisha ziba ukingo wa bodi kwa praima. Nafasi yenyewe ibaki wazi. Kosa hilohilo hufanywa kwenye mlalo wa bodi juu ya bodi, na tiba ni ileile.

Pembeni ya mfereji wa paa: ncha ya mfereji isiguse bodi. Iachwe mm 25.

Bonyeza sehemu iliyovimba kwa kidole. Ikiwa ngumu, ni rangi tu. Ikiwa laini, au inaachana tabaka kwa tabaka kama karatasi, bodi imekufa na haipakwi. Kwenye maeneo ya barafu hali hii huja haraka, maana maji yaliyo ndani ya bodi huganda na kuipasua.

## Mabaka, mistari inayong'aa na ukungu mweupe

Haya hayadhuru ukuta, yanaudhi macho tu. Mstari unaong'aa kando ya ungio ni silanti iliyopanguswa kwa kidole ikaenea juu ya rangi. Ya akriliki ikiwa mbichi hutoka kwa kitambaa chenye maji. Ya poliyurethani ikishakauka haitoki bila kuumiza rangi, ndiyo maana hatua ya utepe wa karatasi hairukwi. Mabaka madogo ya mviringo ni rangi ya kugusia iliyopakwa kwa brashi kubwa. Rangi hiyo ni ya kichwa cha msumari na mkwaruzo mdogo pekee, na pedi ndogo ya sponji inatosha. Jeraha kubwa kuliko hapo, badilisha bodi.

Unga mweupe kwenye ncha ni chumvi za chokaa zinazotolewa na maji yanayopita ndani ya saruji. Piga brashi kavu laini, osha kwa maji, kisha utafute maji yanatoka wapi, maana yasipozuiwa unga utarudi.

Plastiki ya kinga iliyosahauliwa juu ya bodi nayo huleta mabaka. Iondolewe mara tu bodi ikishafungwa, kabla ya jua kuigandisha.

## Maji yameonekana ndani ya nyumba

Usianze na bunduki ya silanti. Kuziba ukuta mzima kutoka nje huficha njia ya maji na kuyafungia kwenye fremu.

Vyanzo vya kawaida ni mahali ukingo wa paa unapokutana na ukuta bila bati la kutupa maji nje, kisha juu ya madirisha, kisha matundu ya bomba na nyaya, na mwisho utando uliopishanishwa kinyume, wa chini ukiwa juu ya wa juu. Ungio la bodi peke yake si mshukiwa mkuu.

Jaribu kwa bomba la maji bila presha, ukianzia chini kwenda juu. Lowesha usawa mmoja kwa dakika 10 hadi 15, mtu mwingine akiwa ndani na tochi, kisha panda usawa unaofuata. Ukianza juu, maji yatateremka na hutajua yameingilia wapi. Kabla ya jaribio zima umeme wa ukuta huo, na soketi ikiwa na maji usiendelee. Mwite fundi umeme.

Simamisha kazi na umwite mtaalamu ukikuta mbao za fremu zinazobonyea kwa bisibisi, ukungu mweusi uliosambaa nyuma ya bodi, ukuta uliovimba nje, au kazi inayohitaji kupanda juu ya ghorofa ya kwanza bila jukwaa imara.

Na kwa nyumba ya zamani kuna sharti la kutangulia yote haya. Bodi nyingi za saruji za miaka ya nyuma zilitengenezwa kwa asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu zikivutwa, na kwa macho hazitofautiki na za leo. Kama hujui ukuta ulifungwa lini, usikate, usitoboe, usipige msasa wala kuosha kwa presha. Sampuli ichukuliwe na mtu aliyefunzwa na ipimwe maabara, na ikithibitika ni asbesto, kuiondoa si kazi ya fundi wa kawaida.